Somo: Spoti ya mtumba inapiga kelele? Sikiliza kwanza, spana baadaye

Wakuu, habari za leo. Somo hili niliwaahidi muda mrefu, nikawa nalisukuma mbele kila wiki. Juzi kijana mmoja kaniletea pikipiki ya spoti, cc 600 ya silinda nne, ikiwa imefunguliwa nusu. Vipande vingine viko kwenye ndoo, vingine kwenye mfuko wa salfeti, na maelezo yake ni moja tu: "Ilikuwa inagonga." Nikamuuliza, ilikuwa inagonga ikiwa ya baridi au ya moto? Ukikamata klachi ilikuwa inanyamaza? Hajui. Sasa injini ikishakuwa kwenye ndoo nani atakujibu?

Nazungumzia hizi spoti za Kijapani zinazotufikia zikiwa zimetumika: CBR600, R6, GSX-R, ZX-6R na wadogo zao wa 250 na 300. Nyingi zina miaka 15 na zaidi, zimepita mikono mitatu minne, na saa yake huwezi kuiapia. Halafu iliyotoka Uingereza saa yake inahesabu maili. Ukiona 28,000 ukafurahi, jua hizo ni kilomita 45,000. Angalia kwanza kwenye kioo cha saa kama imeandikwa MPH ndipo upange bei.

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili msije mkadhani nimezaliwa najua. Spoti yangu ya kwanza ilikuwa inalia "ngo-ngo-ngo" ikifika resi 4,000 (mizunguko ya injini kwa dakika), mlio mzito kabisa, kama mtu anatwanga kinu nyumba ya jirani. Gereji niliyoipeleka wakasikiliza dakika mbili, wakatikisa kichwa, wakasema imenoki, yaani imekufa ndani, tafuta injini nyingine. Nikaanza kuchangisha hela ya injini. Wiki ya tatu nikiwa naosha pikipiki nikashika bomba la moshi kwa bahati, likacheza. Bolti moja ya kulishikilia kwenye fremu ilikuwa imetoka, washa ya mpira imeliwa, na bomba lilikuwa linagonga mkono wa stendi. Bolti ya 8. Tangu siku hiyo sifungui kitu mpaka nijue kelele inafuata nini.

Hatua ya 1: Ondoa kelele za bure

Pikipiki ikiwa imezimwa na imepoa, shika kila kitu kinachoshikika utikise. Kava za plastiki, kopo la maji ya akiba ya rejeta, kinga ya joto ya ekzosi, namba, stendi ya pembeni, kava la spoketi ya mbele. Spoti imevishwa plastiki kila upande, na pikipiki ya mtumba haijawahi kuwa na bolti zote za kava. Fundi wa kwanza alipoteza mbili, wa pili akafunga moja kwa waya. Plastiki ikikosa bolti inatetemeka kwenye resi fulani tu, ukipita resi hiyo inanyamaza. Inadanganya watu vibaya sana kwa sababu inafuata injini kama ugonjwa wa injini.

Njia rahisi: washa, panda kwenye resi yenye kelele, halafu bonyeza kava moja moja kwa kiganja. Ikinyamaza ukibonyeza, umemaliza kazi. Kama huna uhakika vua kava zote uizungushe uchi. Utaonekana kichaa mtaani, lakini utajua.

Hatua ya 2: Oili

Simamisha pikipiki wima, siyo ikiwa imelalia stendi, uangalie kioo cha oili. Ikiwa chini ya mstari, usiendelee na majaribio ya resi. Jaza kwanza.

Ukishajaza, panga kuimwaga yote uione. Imwage kwenye beseni safi, ya rangi nyeupe ukipata. Vumbi la kijivu kidogo kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia ni kawaida. Chenga zinazokwaruza ukizisugua katikati ya vidole siyo kawaida. Halafu filta iweke, usiitupe. Ikate kwa msumeno wa chuma, kunjua ile karatasi, igeuze juani. Ukiona inang'aa kama imemwagiwa vumbi la shaba, hizo ni beringi za krenki (mhimili mkuu wa injini) zinaliwa, na hapo pikipiki isiwashwe tena mpaka ifunguliwe. Ukiona vipande vyeupe vya alumini, kuna mwili wa kitu unasagika. Filta moja iliyokatwa inaeleza zaidi ya mafundi watano wanaobishana juu ya kelele.

Na oili yenyewe: spoti hizi klachi yake inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano itafanya klachi iteleze, na wewe utadhani pleti zimekwisha.

Hatua ya 3: Uliza kelele inafuata nini

Hapa ndipo penye somo, mengine yote ni maelezo tu. Kelele ina bwana wake. Kuna inayofuata injini, inayofuata gurudumu, na inayofuata mzigo, yaani inatokea ukivuta resi au ukiachia.

Jaribio la kwanza unalifanya umesimama. Weka gia huru, panda resi taratibu. Ikiwa kelele ipo hapo, ni ya injini au ya klachi. Sasa kamata klachi. Ikinyamaza, hamia hatua ya 5. Ikianza baada ya kukamata, ni beringi ndogo ya kusukumia klachi. Isipobadilika, ni injini yenyewe.

Jaribio la pili ni la barabarani, mahali penye nafasi na pasipo na matuta. Nenda kilomita 60 kwa saa kwenye gia ya tatu, sikiliza. Halafu ingia ya tano ukiwa kwenye mwendo uleule. Mlio ukishuka pamoja na resi, ni wa injini. Ukibaki vilevile, ni wa kitu kinachozunguka na gurudumu: cheni, spoketi, beringi, diski, tairi. Ili uwe na uhakika kamata klachi, acha pikipiki ijiendee yenyewe, injini ikiwa sailensi, yaani inawaka polepole bila kushikwa resi. Usiizime barabarani, na usifanye hivi kwenye mteremko wa Kitonga ukiwa na lori nyuma.

Jaribio la tatu ni la mzigo. Gia ya nne, resi ya chini, vuta taratibu kupanda mlima. Achia. Vuta tena. Kitu kinachogonga ukivuta na kunyamaza ukiachia, au kinachosema "kla!" mara moja kila unapobadili kutoka kuachia kwenda kuvuta, kiandike. Kweli, kiandike kwenye simu, maana ukifika gereji utasahau.

Hatua ya 4: Kelele za juu ya injini

Kifaa chako hapa ni bisibisi ndefu. Ncha unaiweka kwenye chuma cha injini, mpini unaubana kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Chunga feni ya rejeta na cheni. Hamisha ncha sentimita chache kila mara: kava ya valvu, ubavu wa silinda, kava ya klachi, kava ya jenereta. Pale mlio unapokuingia mpaka kwenye jino, ndipo nyumbani kwake.

Ukisikia "tiki-tiki-tiki" nyepesi na ya mpangilio juu kabisa, kama muuza kahawa anagonganisha vikombe, hiyo ni valvu (mlango wa hewa au moshi wa silinda) yenye nafasi kubwa kati yake na kamshafti, mhimili unaoisukuma ifunguke. Kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo tiki ya valvu utaisikia ina mwendo wa pole kuliko injini yenyewe. Haina haraka ya kukuua. Spoti nyingi huwa na tiki kidogo, na injini inayolia kama cherehani ina afya.

Ya kuogopa ni kinyume chake. Katika injini hizi valvu kadiri inavyochakaa inazama kwenye kiti chake, na nafasi inapungua badala ya kuongezeka. Nafasi ikiisha, valvu haifungi vizuri, moto unapita pembeni yake, inaungua. Na haitoi kelele yoyote. Dalili zake ni kuwaka kwa shida ikiwa ya moto, sailensi inayumba, na nguvu ya chini imepotea. Ndiyo maana kipimo cha valvu hakisubiri kelele: kwenye Honda 600 za miaka ya 2000 ni kila kilomita 25,000 hivi, kwenye R6 ni kama 40,000. Aliyekuuzia akisema "valvu zimetulia kabisa, sikia", mwambie ndiyo hofu yangu.

Sasa mlio wa njugu kwenye kopo. Huu ni wa kuchakacha, hauna mpangilio kama tiki, unajitokeza kwenye resi 3,000 mpaka 4,500 hivi ukiwa umeshika resi kidogo, ukipanda juu unapotea. Weka bisibisi upande wenye taimingi cheni (cheni ya ndani inayozungusha kamshafti), ambao kwa nyingi za silinda nne ni kulia. Ukiingia hapo kwa nguvu, mshtakiwa ni tenshona, kile kidude chenye springi kinachosukuma reli ili taimingi cheni isilegee. CBR600F4i inajulikana dunia nzima kwa jambo hili. Tenshona ni kitu cha bolti mbili na gasketi ndogo, siyo cha kushushia injini.

Lakini sikilizeni vizuri, maana injini nyingi zimefia hapa. Tenshona ikiwa nje, USIZUNGUSHE injini, hata kwa mkono, hata kidogo, wala usiguse swichi ya stata. Cheni ikiruka meno, valvu zinakutana na pistoni. Na kama tenshona yako ni ya meno ya kwenda mbele tu, usilegeze bolti zake ukabadili mawazo ukazikaza tena. Ile fimbo ya ndani inakuwa imeshachomoka kidogo, ukikaza unaibana cheni kupita kiasi. Itoe nje kabisa, irudishe ndani mpaka mwisho, ndipo uifunge upya kwa utaratibu wake. Wapo wanaofunga tenshona ya kukaza kwa mkono, yenye bolti na nati. Ni nzuri kwa anayejua kusikiliza. Kwa asiyejua, ataikaza mpaka ile reli ya plastiki iliwe.

Kuna na mlio wa "chi-chi-chi" wa asubuhi injini ikiwa ya baridi, ukiisha baada ya dakika chache. Huo usiutafute kwenye valvu. Angalia pale bomba za moshi zinapoingia kwenye silinda. Gasketi ya pale ikichoka moshi unatoroka, chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba. Pakaa maji ya sabuni kabla hujawasha, washa, tazama povu linapulizwa wapi. Utakuta weusi wa masizi pembeni ya nati.

Hatua ya 5: Klachi na gia

Mchakacho wa sailensi unaonyamaza ukikamata klachi mara nyingi ni kikapu cha klachi: springi zake za ndani zimelegea au pleti zimechimba vijishimo kwenye vidole vya kikapu. Kidogo chake ni kawaida ya hizi pikipiki. Kabla hujanunua kikapu, hakikisha silinda zote zinavuta sawa. Kabureta zisipolinganishwa, au throto bodi kwenye za injeksheni, injini inazunguka kwa mikiki na kikapu kinacheza muziki. Nimeona mchakacho ukipungua nusu kwa kulinganisha tu.

Mlio wa kuvuma "wuuu" unaoondoka ukikamata klachi, huo ni wa beringi za shafti ya gia. Unavumilika kwa muda, ila fuatilia oili.

Hatua ya 6: Noki yenyewe

Noki ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ni nzito na iko chini, "kong-kong-kong", inaongezeka ukivuta mzigo na hupendeza zaidi (kwa ubaya) injini ikiwa ya moto na oili nyepesi. Chanzo kikubwa kwenye spoti ni ukosefu wa oili, na wale wa kunyanyua gurudumu la mbele wanachangia: pikipiki ikisimama mkia, oili inakimbilia nyuma ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inavuta hewa.

Jaribio: injini ikiwa sailensi, chomoa soketi ya koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) ya silinda moja kwa sekunde chache, rudisha, nenda nyingine. Zima injini kila unapochomoa na kurudisha kama hutaki kupigwa shoti. Silinda ambayo ukiizima noki inapungua au kupotea, ndiyo yenye konrodi mbovu, maana umeondoa mlipuko unaoisukuma chini. Usiiache muda mrefu, petroli isiyowaka inaosha oili kwenye ukuta wa silinda.

Noki ikithibitika, zima. Usiendeshe "mpaka gereji tu". Leo ni beringi za konrodi na kusafisha krenki, kesho konrodi imetoboa ubavu wa injini.

Hatua ya 7: Cheni na spoketi

Inyanyue nyuma kwa stendi, zungusha gurudumu kwa mkono. Kwa MKONO. Kuna watu wanaweka gia ya kwanza injini ikiwaka ili kusafisha cheni kwa kitambaa. Kitambaa kikivutwa kidole kinafuata, na spoketi haina huruma.

Pima ulegevu sehemu tatu nne, siyo moja. Spoti nyingi zinataka milimita 25 mpaka 35 hivi, kipimo kamili kimebandikwa kwenye mkono wa gurudumu la nyuma. Ukikuta inabana hapa na kulegea pale, cheni imechakaa bila usawa, hakuna kukaza kutakakoiponya. Halafu vuta kiungo kimoja nyuma kabisa ya spoketi kubwa: kikinyanyuka mpaka nusu ya jino kuonekana, imekwisha. Anayetaka uhakika wa namba aning'inize uzito kidogo au aikaze, apime viungo 20 kutoka pini hadi pini. Cheni ya saizi 520, 525 au 530 ikiwa mpya ni milimita 317.5. Ikifika 323, iage. Badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya kwenye meno yaliyopinda kama ndoana ya samaki hailindwi na grisi yoyote.

Ile "kla!" ya kuvuta na kuachia, kama cheni ni nzima, shika spoketi kubwa uizungushe mbele nyuma huku gurudumu limeshikwa. Ikicheza sana, raba zilizo ndani ya habu zimekufa. Mafundi wetu huwa wanachomeka vipande vya tyubu kuziba nafasi. Inasaidia, mimi mwenyewe nimefanya, ila ni ya kusubiria raba mpya ifike.

Hatua ya 8: Magurudumu, usukani, breki

Beringi za gurudumu: shika tairi juu na chini, sukuma huku unavuta. Likicheza "toko", badilisha. Halafu weka mkono kwenye shokapu huku gurudumu linazunguka, beringi mbovu utaihisi kama mchanga kabla hujaisikia.

Usukani: nyanyua mbele, geuza hendeli kwa vidole viwili tu. Ikikwama kidogo pale katikati, kama imeingia kwenye kijishimo, beringi za usukani zimepigwa. Kwa mashimo na matuta yetu zinapigwa mapema. Dalili ya barabarani ni "dok!" ukishika breki ya mbele. Usichanganye na diski zinazoelea: zile za mbele zina vijipini vinavyocheza kidogo kwa makusudi na kulia ukisukuma pikipiki.

Diski ina kipimo cha mwisho kimechongwa kwenye chuma chake, tafuta maandishi MIN TH. Ukikuta ukingo umebaki kama kisahani, pikipiki hiyo imetembea, hata saa iseme 9,000. Na tairi: tarakimu nne za mwisho za DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kongwe lenye kashata (meno ya tairi) nzuri bado ni kongwe.

Karibuni maswali. Tafadhali eleza kelele inafuata nini, usiandike tu "inalia vibaya".

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Arusha: Shikamoo fundi. Mimi ni dada, ninaendesha 600. Nikivuta kwa nguvu gia ya pili inaruka, resi zinapanda zenyewe halafu inarudi na mlio wa "kraa". Gia nyingine hazina shida. Fundi wa hapa anasema nibadilishe oili iwe nzito.

Jibu: Marahaba dada. Oili nzito haitibu hilo. Gia za pikipiki zinashikana kwa meno ya ubavuni, na meno hayo yakishakuwa mviringo yanasukumana badala ya kushikana. Gia ya pili ndiyo inayoumia zaidi kwenye spoti kwa sababu watu wanaipanda kutoka ya kwanza huku resi ziko juu, na mguu haujamaliza kunyanyua lever. Kila ikiruka inapinda foki ya gia pia. Kwanza hakikisha kiungo cha lever hakijapinda na mguu wako unanyanyua mpaka mwisho. Ikiendelea, hapo injini inashushwa na kupasuliwa katikati, gia ya pili na mwenzake zinabadilishwa pamoja na foki. Kwa sasa usivute kwa nguvu ukiwa kwenye ya pili. Kama ulikuwa bado hujalipa pesa yote, rudi mezani na muuzaji.

Mwanachama wa Mombasa: Salaam aleikum fundi. Yangu yalia "krrr… krrr" nikienda pole pole, kama yahesabu. Klachi nikishika bado yalia. Nakaa Nyali, karibu na bahari.

Jibu: Waaleikum salaam. Umejibu mwenyewe nusu. Ukishika klachi bado inalia, kwa hiyo siyo injini. Na "inahesabu", maana yake kuna sehemu moja inayopita na kurudi. Chumvi ya bahari imekula viungo kadhaa vya cheni vimekuwa vigumu, vikipita kwenye spoketi ya mbele havikunjiki. Nyanyua nyuma, zungusha, tazama chini pale cheni inapolegea: utaona viungo vimebaki vimekunjika kama goti la mzee. Mafuta ya taa na brashi laini, kausha, paka oili ya cheni, jaribu tena. Visipolainika nunua seti. Kwa mtu wa pwani mimi nasema pakaa kila kilomita 400 au 500, na kila ukinyeshewa. Upake jioni cheni ikiwa bado na joto, isiwe asubuhi ukiondoka, la sivyo yote itarukia kwenye rimu.

Mwanachama wa Mwanza: Mkuu, kuna jamaa alinishauri niweke 20W-50 na ile dawa ya kopo ya kuziba kelele. Niliweka, kweli ikatulia wiki mbili. Sasa imerudi na nguvu. Niongeze dozi?

Jibu: Usiongeze, mkuu. Hiyo ndiyo mbinu ya madalali: oili nzito inajaza nafasi, mlio unazama, mnunuzi akishaondoka basi. Ukienda kuangalia pikipiki ya kununua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini, iwe baridi. Ukikuta ina joto, kuna kitu cha asubuhi hakutaka usikie. Kwako wewe, mwaga yote, kata filta, weka 10W-40 kama kitabu kinavyosema, kisha uniambie kelele ilikuwa juu au chini.

Mwanachama wa Mwanza: Nimekata filta. Kuna ving'aavyo vya njano njano, vidogo sana kama vumbi la pambo la kadi.

Jibu: Usiiwashe tena. Rudi hatua ya 6, ila jaribio la koili liruke, hulihitaji tena. Ivute kwa toyo mpaka kwa fundi mwenye maikromita, afungue sampu kwanza na kuangalia beringi za konrodi kutokea chini. Ukiwahi, krenki bado inaweza kusafishika. Pole sana, ndugu yangu.

Mwanachama wa Kigamboni: Mimi napinga kidogo. R6 yangu ina kilomita 52,000, sijawahi kupima valvu na inatulia kuliko zenu zote. Kwa nini nifungue kitu kizima?

Jibu: Inawaka vipi ukishatoka kwenye foleni ya pantoni, ikiwa ya moto?

Mwanachama wa Kigamboni: Hapo kweli inataka nishike resi kidogo. Nilidhani betri.

Jibu: Inaweza kuwa betri, pima kwanza: injini ikiwaka, kwenye resi 5,000 isome kati ya volti 13.5 na 15. Ikiwa sawa, pima mgandamizo wa silinda zote nne. Moja ikiwa chini ya wenzake, fungua kava ya valvu na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) mkononi, injini ikiwa ya baridi kabisa, imelala usiku kucha. Pima, andika zote 16 kwenye karatasi, usiguse kitu, nitumie. Huenda ni kubadilisha vishimu (visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu) vichache tu vya chini ya vikombe.

Mwanachama wa Dodoma: Fundi, nimerekodi mlio wangu lakini nasikia upepo tu.

Jibu: Simu haikai mfukoni kwa kazi hii. Pikipiki isimame, mwenzako ashike resi, wewe sogeza simu kwa sekunde kumi kila sehemu: kulia juu, kulia chini, kushoto juu, kushoto chini, na useme kwa sauti upo wapi. Halafu rudia huku amekamata klachi. Tuma nane zote.